Mtembezi wa Viatu Vyeupe

Bi Polepole alikuwa fundi cherehani, na uoga wake ulijulikana kijiji kizima. Ng'ombe akikohoa zizini, yeye huvuka njia. Radi ikipiga, hujifungia ndani na kujifunika shuka gubigubi. Basi daktari alipomwambia kwamba magoti yake yanataka kutembea, si kukunjwa chini ya cherehani kutwa kucha, alijibu kwamba peke yake hathubutu, labda apate wenzake. Hivyo ndivyo matembezi ya Jumapili alasiri yalivyoanza. Mtu asiyeweza kupita karibu na ndama akawa ndiye kiongozi.

Njia yenyewe ilikuwa ya raha. Unatoka mlangoni kwa Bi Polepole, unafuata ukingo wa mashamba, unavuka daraja la mbao, unapanda taratibu chini ya misonobari mpaka Jumba. Jumba lilijengwa zamani na tajiri mmoja aliyemiliki ardhi yote unayoiona. Ukoo wake ulikwisha, likabaki na mtunzaji mmoja ambaye Jumapili hukaa kwake na kumwachia Bi Polepole ufunguo. Wageni waliingia, wakatazama sebule kubwa na dari zake za mbao zilizochongwa, wakapumzika bustanini, wakarudi. Mwenye kuharakisha aliambiwa, "Polepole, hakuna anayetufukuza." Jina likamganda.

Jumapili hiyo walikuwa wachache: mwalimu mstaafu asiyesikia vizuri, na mkewe aliyekuwa masikio yake, wauguzi wawili wa zahanati, marafiki wa chanda na pete, na Mpangaji. Huyu alikuwa mwanamke kijana aliyekodi chumba cha uani kwa Bi Polepole tangu mwanzo wa mvua. Hakusema alikotoka, na Bi Polepole hakuuliza. Alilipa kodi, alimsaidia kushona vifungo, na usiku aliegemeza kiti mlangoni. Siku za karibuni alikuwa ameanza kucheka.

Walipofika mwisho wa mashamba, mtu akawaita kwa nyuma. Bwana mmoja nadhifu, viatu vyeupe pepe, akija mbio na tabasamu.

"Samahani jamani. Nimesikia kuna matembezi. Naweza kuungana nanyi?"

"Karibu, njia haina mwenyewe," alisema Bi Polepole, ingawa moyoni alijiuliza ni nani huja kukanyaga matope na viatu kama vile.

Mpangaji alikuwa mbele na wauguzi, kofia pana kichwani. Hakugeuka. Yule bwana akabaki mkiani, akampa mke wa mwalimu mkono penye utelezi, akamsikiliza mwalimu kwa adabu. Lakini maswali yake hayakuwa ya Jumba. "Wote hapa ni wenyeji? Kuna wanaopanga? Jumapili mnarudi saa ngapi?" Bi Polepole alijibu mawili matatu, kisha ulimi ukawa mzito bila yeye kujua sababu.

Darajani walipita mmoja mmoja. Mpangaji alifika ng'ambo, akageuka kuwangoja wenzake, akamwona.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Uso wake ulizimika tu, kama mtu aliyezimiwa taa ndani. Yule bwana akavuka, akamsogelea, akainamisha kichwa.

"Habari dada. Tumewahi kuonana mahali?"

"Hapana," alisema Mpangaji kwa sauti isiyokuwa yake.

Chini ya misonobari alijitenga na wauguzi, akamshika Bi Polepole mkono.

"Mama, ndiye."

"Ndiye nani, mwanangu?"

"Mume wangu. Usigeuke. Akijua nimekwambia, ataacha kuigiza. Aliniapia kwamba nikimkimbia, siku atakayonipata hatagombana nami. Atatembea nami tu mpaka tufike mahali pasipo na watu."

Chini ya misonobari ile simu hazishiki mtandao. Jumba lilikuwa tupu. Nyuma yake Bi Polepole alisikia viatu vyeupe vikiponda majani makavu, bila haraka yoyote, na sauti ile ya upole ikimwambia mwalimu kwamba hewa ya huku ni dawa.

"Tuendelee kama kawaida," alinong'ona. Alijikaza kisabuni.

Alifungua Jumba na kuanza kueleza kama ilivyo ada, lilijengwa mwaka gani, dari hii imechongwa na nani, na maneno yalimtoka yenyewe huku akili iko kwingine. Alikuwa akifikiria ngazi ya watumishi. Ghorofani, mwishoni mwa ujia, kulikuwa na kijimlango cha rangi ya ukuta. Nyuma yake ngazi nyembamba ilishuka hadi jikoni, na jikoni palikuwa na mlango wa kutokea upande wa zizi la farasi. Mgeni hawezi kujua. Mpangaji akipita pale, atakuwa kijijini kabla ya mtu kuuliza yuko wapi.

Ghorofani aliwaacha watu wakitazama picha za ukutani. Yule bwana alikuwa dirishani, amewapa mgongo. Bi Polepole akamvuta Mpangaji mpaka mwisho wa ujia, akasukuma kijimlango. Giza na harufu ya vumbi. Wakashuka wakipapasa ukuta, ngazi baada ya ngazi, pumzi zimebanwa, mpaka mwanga wa jikoni ukaonekana.

Viatu vyeupe vilikuwa vimesimama chini ya ngazi.

"Njia hii nayo ni nzuri," alisema yule bwana. "Mtunzaji alinionyesha juzi. Mtu mkarimu sana."

Wakati wao wanapapasa gizani, yeye alikuwa ameshuka ngazi kubwa kama mwenye nyumba. Akapanda kipandio kimoja. Akapanda cha pili.

Ndipo sauti ya mwalimu ikanguruma juu yao. Alikuwa amefika kwenye kijimlango kumtafuta kiongozi.

"Bi Polepole! Mnafanya nini huko?"

"Mwalimu," alisema Bi Polepole, na sauti ikakatika. "Huyu bwana... ni mume wa huyu binti. Amemfuata."

"Nani amefuta?"

"AMEMFUATA! NI MUMEWE, ANATAKA KUMDHURU!"

Hakuwa amewahi kupiga kelele namna ile maishani mwake. Jumba zima lilirudisha mwangwi, na miguu ya wauguzi ikasikika ikija mbio. Yule bwana akasimama palepale. Tabasamu lilibaki, ila sasa lilikuwa midomoni tu.

"Jamani, mbona tunakuza mambo?" alisema. "Ni mke wangu wa ndoa. Tuligombana kidogo, nimekuja kumchukua. Mambo ya nyumbani haya. Wagombanao ndio wapatanao."

Mke wa mwalimu, aliyekuwa amefika nyuma ya mumewe, alitazama chini, na Bi Polepole aliona wazi kwamba neno lile limemgusa. Hata yeye mwenyewe amelisema mara ngapi dukani kwake, huku akiwapima watu nguo? Yule bwana aliona pia. Akanyoosha mkono kwa Mpangaji.

"Twende, mpenzi. Usiwasumbue wazee wa watu."

"Siendi," alisema Mpangaji.

"Amesema haendi," alisema muuguzi mrefu, akashuka ngazi na kujipenyeza mbele yao. Mwenzake akafuata. Mke wa mwalimu akashusha pumzi, akamshika mumewe mkono, wakashuka nao. Ngazi ilikuwa nyembamba. Ilimbidi yule bwana arudi nyuma kuwapisha.

"Tunarudi nyumbani," alisema Bi Polepole. "Sote pamoja."

Hawakurudi kwa njia ya pili, ile inayopita kando ya bwawa, maana ukingo wake ni mwembamba na maji yake ni marefu. Walirudi walikotoka, Mpangaji katikati, wengine wamemzunguka kama watu waliobeba kitu kinachoweza kuvunjika. Yule bwana alifuata. Hakutishia, hakutukana. Wao wakisimama, naye anasimama, wakienda, anaenda. Mara moja alianza kupiga mluzi, na Mpangaji akajikwaa, ikabidi wauguzi wamdake kwapani. Jua lilikuwa bado lipo, ndege wanalia, njia ni ileile ya kila Jumapili, lakini kila msonobari ulikuwa mtu aliyejificha.

Darajani ilibidi kupita mmoja mmoja tena. Lazima mtu awe wa mwisho. Mwalimu alijitolea, lakini alikuwa na mguu mbovu usioweza kumpeleka haraka. Bi Polepole akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Piteni. Mimi nitafuata."

Alipokuwa katikati ya daraja, mbao zililia nyuma yake. Pumzi ikamfika kisogoni.

"Wewe ni fundi wa nguo," alisema yule bwana taratibu. "Mlango wako ni wa mbao, na dirisha la uani halifungiki vizuri. Wewe ni mwanamke mwoga, wameniambia. Kwa nini unajitafutia makubwa?"

Bi Polepole alishika kamba ya daraja na kutazama migongo ya wenzake, akaweka mguu, akaweka mwingine, hadi akakanyaga udongo.

Ng'ambo ile, palipoinuka kidogo, simu ya muuguzi mrefu ilishika mtandao. Akaita polisi akiwa anatembea, kwa sauti ya juu ili asikike.

Askari wawili waliwakuta dukani kwa Bi Polepole. Yule bwana alikuwa wa kwanza kuwapa mkono, akaeleza kwa huzuni jinsi alivyohangaika kumtafuta mkewe, na askari mkubwa alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa kumhurumia, ameshaanza kusema, "Basi kayazungumzeni nyumbani." Mpangaji akapandisha mkono wa gauni lake hadi begani. Alama ya kuchomwa na pasi ilikuwa pale, imekamilika hadi ncha yake. Askari akavua kofia, akaivaa tena, akamwambia yule bwana aingie garini.

Mpangaji aliondoka usiku uleule na muuguzi mrefu, kwenda kwa ndugu fulani wa muuguzi. "Msiniambie ni wapi," alisema Bi Polepole akimfungia mizigo. "Mimi najijua. Nikishikwa na hofu nitasema." Mpangaji akamkumbatia kwa muda mrefu, na hakuna aliyelia.

Yule bwana aliachiwa kwa dhamana. Asubuhi moja Bi Polepole aliinua macho kwenye cherehani akamwona amesimama mlangoni, suruali mkononi.

"Nataka ipunguzwe urefu," alisema. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja. "Yuko wapi?"

Mguu wa Bi Polepole uliganda juu ya pedali. "Sijui. Nilikataa kuambiwa."

Yule bwana alimkodolea macho. Na kwa vile Bi Polepole alikuwa akisema kweli, uso wake haukuwa na cha kuficha. Yeye aliisoma hofu yake yote, akatafuta ndani yake jibu, hakulipata. Akachukua suruali yake, akatoka.

Bi Polepole alifunga mlango, akakaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, na hakuweza kuinuka mpaka mke wa mwalimu alipokuja mchana kufuata gauni, akagonga, akaita, akazunguka uani na kumkuta palepale. Aliketi naye sakafuni.

"Jumapili tutaenda?" aliuliza baadaye.

"Naogopa," alisema Bi Polepole.

"Nami naogopa. Nilikuwa nauliza tu kama tutaenda."

Walienda. Walikuwa wengi kuliko siku zote, na wauguzi walitembea mkiani.