Nyama ya Kukatwa kwa Kisu

Asubuhi ile Nélida alisimama mbele ya tanuri la udongo akajiuliza kama ni Jumatano au Alhamisi. Hakupata jibu, wala hakulitafuta. Kazi ni ile ile: kuwasha kuni, kukanda unga, kuchemsha viazi na mayai, kukaanga vitunguu kwa mafuta ya ng'ombe, kisha kujaza empanada, zile sambusa zao za kuoka, kuzikunja pindo na kuzioka, hadi gari la Rufino litokeze adhuhuri na wageni waliobabuliwa na jua. Ng'ambo ya mto mlima ulikuwa mwekundu kwa pilipili zilizoanikwa. Wageni walikuwa wakizipiga picha kabla hata ya kuketi. Yeye hakukumbuka mara ya mwisho aliyoinua macho kuzitazama.

Nyumba ile ya kando ya barabara, katika bonde la Calchaquí, mkoa wa Salta, Argentina, ilikuwa na watu wawili tu, yeye na wifi yake. Eusebia alikuwa dada mkubwa wa Anselmo, marehemu mumewe Nélida. Anselmo alipokufa, majirani walitega masikio wasikie mawifi wakigombea vyombo. Wao wakagawana kazi badala ya vyombo: unga na moto vikawa vya Nélida, nyama ikawa ya Eusebia. Na nyama ndiyo yenyewe. Kwao Salta nyama ya empanada hukatwa kwa kisu, vipande vidogo kama punje za mahindi, ili ibaki na maji yake. Ukiing'ata bila kutanua miguu, mchuzi wote umeishia kwenye nguo.

Rufino, dereva aliyekuwa pia kiongozi wa wageni, aliwaeleza hayo kila siku kwa maneno yale yale. "Hapa hakuna mashine, mabibi na mabwana. Ni kisu na mkono wa bibi." Wageni walitikisa vichwa, wakamiminiwa divai nyeupe, wakala.

Siku hiyo mama mmoja mtu mzima, aliyetoka Montevideo na dada zake, alimshika Nélida mkono alipokuwa akipita na sinia.

"Mama, nimekula empanada nchi nzima hii. Hii yako nyama yake laini, hata meno hayana kazi."

Nélida alishukuru akaenda zake. Lakini neno lile lilimkwama. Laini? Nyama ya kisu haiwi laini, ina ukaidi wake kidogo. Akasimama nyuma ya mlango, akachukua moja iliyobaki siniani, akaimega. Hakuwa ameionja kazi yake mwenyewe kwa muda mrefu. Harufu tu ilimshibisha. Nyama ya ndani ilikuwa imegandamana kama tope. Hakuhitaji kuila. Aliirudisha, akaingia jikoni.

Eusebia alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono yote miwili imezama ndani ya beseni la maji ya moto.

"Wifi," Nélida alisema, "nyama hii nani kaikata?"

"Mimi."

"Usinidanganye. Mimi si mgeni wa Rufino."

Eusebia aliizamisha mikono zaidi. Nje wageni walikuwa wakicheka, na Rufino alikuwa akigonga glasi kwa kijiko ili awape habari za divai.

"Kaisaga Tolaba," Eusebia alisema hatimaye. Tolaba alikuwa mwenye bucha kijijini. "Ananisagia tangu baridi iliyopita."

"Tangu baridi! Na mimi nafunga pindo juu ya uongo wako, Rufino anaimba kisu, kisu, kama kasuku?"

"Basi nitoe nje unichape."

Nélida alikuwa na maneno mengine tayari, makali, ameyapanga mdomoni. Ndipo Eusebia alipoitoa mikono majini aichukue taulo. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, viwili vimepinda upande mmoja kama mizizi iliyokutana na jiwe. Alijaribu kuishika taulo, ikamponyoka. Nélida aliiokota. Wamelala chumba kimoja miaka yote hiyo, wamekula meza moja, naye hakuwa ameiona mikono ile. Au aliiona, akawa amechoka mno kuitazama.

Alikaa juu ya gunia la viazi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungefanya nini? Ungekata wewe. Na mgongo wako huo ulivyo, unainuka kitandani kama ngamia." Eusebia aliifuta mikono polepole. "Halafu niliogopa. Kisu kikiisha, kazi imeisha. Na kazi ikiisha, wewe utalala usiinuke tena. Nilikuona Anselmo alipokufa. Kilichokuinua ni unga."

Nélida aliipokea taulo, akaikunja magotini.

"Eusebia, mimi nataka kuacha tangu mwaka juzi."

"Kuacha nini?"

"Haya yote. Tanuri, sinia, gari. Kila asubuhi nasema leo nitakwambia. Kisha nakuona umeshafunga aproni, nasema huyu hana kingine duniani, nikimnyang'anya jiko atashika nini? Nakanda unga."

"Aproni naifunga kwa meno siku hizi," Eusebia alisema.

Walitazamana, na mmoja akaanza kucheka, ingawa hawakujua ni nani. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa cha watu walioshika gogo huku na huku, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayetaka lifike. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawa wawili kila mmoja aliuona wa mwenzake mzito kuliko wake, na hilo ndilo lililowachosha.

Kesho yake Rufino alipofika na wageni alikuta tanuri limepoa. Mezani kulikuwa na mkate, jibini la mbuzi na sufuria moja ya locro, mahindi meupe yaliyochemka na boga, maharage na miguu ya nguruwe. Wanawake wawili walikuwa wamekaa, wanakula. Hakuwa amewahi kuwaona wamekaa.

"Mama Nélida, kuna msiba?"

"Hakuna. Waambie wageni wajipakulie."

Wageni walijipakulia, wakafurahi. Rufino hakufurahi. Nélida alimvutia kiti, akamtilia maji ya moto kwenye kibuyu kidogo cha majani ya yerba, yanywewayo kama chai, akamwambia yote, hata habari ya Tolaba.

"Mmeniaibisha," Rufino alisema. "Mimi nasimama hapa kila siku nasema kisu."

"Ulisema vizuri," Eusebia alijibu. "Mpaka wakaona kisu kwenye mashine."

"Si utani, bibi. Wageni wangu nitawalisha nini?"

"Mke wa Tolaba ana mikono miwili mizima na anapenda kuongea. Wapeleke kwake," Nélida alisema. "Kwetu utakuja Jumamosi tu, chungu kimoja, kikiisha kimeisha. Na kisu usikitaje tena."

Rufino aliunyonya mrija wa chuma hadi kibuyu kikakoroma, akakirudisha. "Asante," alisema.

Huko kwao, ukisema asante kwenye kibuyu maana yake usijaziwe tena. Ilikuwa duru ya kwanza, na Rufino kwa kawaida hanyanyuki kabla ya duru ya nne au ya tano. Nélida aliliona hilo, likamuuma, maana alimjua tangu angali kijana mwembamba anayesukuma gari bovu. Lakini hakumbembeleza.

Jumamosi ya kwanza hakuja. Locro waliigawa kwa majirani. Ya pili alileta wageni wachache, hakuzungumza sana, ila alipokuwa akiondoka alimwachia Eusebia mkebe wa dawa ya kuchua, aliosema umetoka kwa shangazi yake.

Uchovu haukuondoka kama Nélida alivyotarajia. Alidhani utampita kama homa. Kumbe sasa, alipoupa nafasi, ndio ulimjia wote. Alilala mchana, akaamka, akalala tena. Baadhi ya siku alilia bila kumfikiria mtu yeyote. Eusebia hakumuuliza. Alikaa kivulini akisikiliza redio, vidole vyake vikinuka kafuri, na kila Nélida alipogeuka kitandani alisikia redio ikipunguzwa sauti.

Siku moja, upepo wa alasiri ukiwa umeanza kupanda bondeni, Nélida alitoka nje na nywele zake zikiwa hazijafungwa.

"Tunakula nini leo?" aliuliza.

"Hata sijui. Nilidhani unapika wewe."

"Mimi sipiki."

"Wala mimi."

Eusebia alifikiri kidogo, akaeleza kwamba kuna jibini, na ile jamu ya kayote, boga la kwao, aliyoleta jirani bado haijafunguliwa, lakini kifuniko chake kinamshinda. Nélida aliingia ndani kuifungua jamu.