Waridi Langu Laomba Uhamisho

Jana mchana, jua likiwa limeikalia Lodwar kichwani, nilijilaza kwenye kochi la sebuleni nikaota mchanga unabisha hodi.

Kabla ya kuendelea, niseme ukweli kuhusu mimi, Arupe, na jirani yangu Akuwam. Tulisoma pamoja, tukaajiriwa shule moja, tukapewa nyumba mbili zinazotenganishwa na uzio wa senyenge. Mwaka juzi muuguzi wa zahanati alitupatia miche miwili ya waridi la jangwa, siku moja, kutoka shina moja, kila mche ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Alitupatia pia karatasi ya maelekezo kwa mwandiko wake: lipate jua kamili, maji yapite, yasituame, mchanga ukauke kabla ya kumwagilia tena, tawi linalovuka mpaka wake likatwe.

La Akuwam lilichanua. Langu lilinenepa shina, likanyamaza.

Mume wangu Losike, ambaye kwa miaka kumi na minne ya ndoa hajawahi kusifu hata chai yangu, alisimama uzioni jioni moja, mikono nyuma, akasema, "Haya sasa ndiyo maua." Na jana asubuhi, Akuwam alipokwenda sokoni, niliingia kwake na birika la maji ya chumvi. Nikalimimina lote shinani mwa waridi lake. Kisha nikarudi kuosha vyombo.

Sasa ndoto yenyewe.

Mchanga unabisha hodi. Nafungua mlango. Umesimama kwa kimo cha mtu mzima, umevaa kandambili za Losike.

"Mama Etabo," unasema, "bado sijakauka."

"Mbona nakuona mkavu?"

"Nishike kwapani."

Naushika kwapani. Kweli, una unyevu. Naomba radhi. Mchanga unasema utarudi Alhamisi, unaondoka zake, na kiasi fulani cha mwili wake kinabaki kwenye zulia.

Nilikuwa natafuta ufagio pikipiki iliposimama nje. Mwendeshaji alikuwa amebeba jua ndani ya gunia, amelifunga kwa mpira wa tairi.

"Mzigo wa Arupe. Jua moja. Weka sahihi hapa."

Nikafungua gunia. Jua lilikuwa na pengo, kama chapati iliyomegwa.

"Karatasi inasema jua kamili," nikamwambia.

"Kipande kingine nimekiacha kwa jirani yako."

"Kwa nini kwake?"

"Aliniuliza habari za nyumbani," akajibu, akawasha pikipiki.

Nikatazama ng'ambo ya uzio. Akuwam amekaa barazani, jua lake zima liko juu yake, na kipande cha langu kiko pembeni kama mto wa kuegemea. Anachambua mchele. Waridi lake limejaa maua mpaka matawi yanalalamika kwa uzito. Roho iliniuma hadi kwenye magego.

Nikatazama zaidi. Shingo ikanitoka kidogo. Nikatazama tena, ikaongezeka, mpaka nikawa kama swala twiga anayetafuta majani ya juu: miguu iko kwangu, kichwa kiko kwa Akuwam.

"Karibu chai," Akuwam akakiambia kichwa.

"Asante, nimekunywa," nikasema. Sikuwa nimekunywa.

Nyuma yangu, mbali kidogo kwa sababu ya ile shingo, nikasikia udongo ukipasuka. Waridi langu lilikuwa limetoka shimoni. Lilikuwa linakung'uta mizizi kama mama aliyetoka kuvuka mto, na ule mkebe wa maziwa limeuning'iniza begani kama mkoba.

"Unakwenda wapi?" nikaliuliza.

"Kuomba uhamisho."

"Uhamisho wa wapi?"

"Unapajua. Kichwa chako kiko huko."

Nikalifuata. Hatua ya kwanza nilikanyaga ua wangu, ya pili nikakanyaga sakafu ya ofisi. Kulikuwa na mabenchi, feni isiyozunguka, na foleni ndefu ya mimea yenye bahasha za kaki. Mchongoma mmoja ulikuwa unanyonyesha. Nyuma ya meza alikaa mkuu wa ofisi, ambaye ni mkasi wa kupogolea, umevaa tai.

"Anayefuata," ukasema mkasi.

Waridi langu likaketi. Mimi nikabaki nimesimama, shingo nimeizungusha mara mbili mkononi ili isiwakwaze watu.

"Eleza shida yako."

"Huyu mama si mbaya," likasema waridi langu. "Maji ananipa. Tatizo ni kwamba kila asubuhi ananimwagilia huku anatazama kule. Maji yanaangukia pembeni. Mwaka wa pili huu anamwagilia jiwe."

Mkasi ukanigeukia. "Ni kweli?"

"Jiwe gani?" nikauliza.

"Mimi," likasema jiwe lililokuwa kwenye benchi la nyuma. Lilikuwa limeota ukoka na linaonekana lenye afya njema.

Mkasi ukatoa futi ya fundi cherehani, ukapima shingo yangu kutoka begani hadi kidevuni, ukaandika. "Kinachovuka mpaka hukatwa," ukasema kwa upole, kama daktari wa meno. Ukaanza kujifungua na kujifunga ili kupasha misuli.

Hapo mlango ukafunguliwa. Wahudumu wawili waliingia na machela. Juu yake limelala waridi la Akuwam. Majani yamekunjamana, maua yameshikilia kwa uzi tu. Midomo yake imepasuka.

"Nani amekufanya hivi?" mkasi ukauliza.

"Sikumwona uso," likasema kwa sauti ndogo. "Niliona mkono. Nilidhani ni mgeni aliyekuja kunisalimu, nikamnyooshea maua."

Yule mtoto wa mchongoma aliacha kunyonya. Mkono wangu wa kulia ukaanza kuinuka wenyewe. Niliukandamiza kwa wa kushoto, na wa kushoto nao ukainuka.

"Ni mimi," nikasema. "Chumvi ilikuwa vijiko vinne."

"Ulitaka life?"

"Hapana. Nilitaka lipungue."

"Lipungue mpaka wapi?"

Niliwaza sana swali lile. Nilitafuta kipimo ambacho kingenitosha. Ua moja? Nusu ua? Nikaona kwamba hata lingebaki jani moja, Losike angesimama uzioni akalisifu, na mimi ningerudi na birika.

"Sijui," nikasema, na machozi yakaanza safari ndefu ya kushuka shingo yangu.

Mkasi ukajifunga. Ukavua tai, ukaikunja, ukaiweka mezani.

"Shingo sitaikata," ukasema. "Itarudi yenyewe ukiwa na kitu cha kutazama kwako. Uamuzi wangu ni huu. Waridi hili mizizi yake itabaki kwako. Maua yake yatakwenda kwake, mpaka umwambie jirani yako ulilofanya, kwa mdomo wako mwenyewe."

"Nimwandikie barua?"

"Nimesema mdomo."

Ukapiga muhuri juu ya meza kwa kishindo, nami nikaamka.

Kochi lilikuwa limenichora mistari shavuni. Ilikuwa saa tisa. Nje niliisikia sauti ya Akuwam, amerudi kutoka sokoni.

"Arupe! Wee Arupe, njoo uone maajabu!"

Nikatoka bila viatu, nikichomwa nyayo. Waridi langu lilikuwa mahali pake, shimoni mwake, majani matupu kama siku zote. Isipokuwa tawi moja jembamba, ambalo naapa asubuhi halikuwepo. Lilikuwa limepenya tundu la senyenge, na kwenye ncha yake, ndani kabisa ya ua wa Akuwam, lilikuwa limefungua ua moja, jekundu la kupauka, kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona kwake.

"Dada yangu, lako limechanua!" Akuwam alikuwa anapiga makofi. "Nami nafurahi, maana langu sijui limepatwa na nini. Tangu nirudi naliona linalegea."

Alikuwa amelishika lile ua langu kwa kiganja, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba yai. Hata hapo wivu ulinipanda. Ua langu la kwanza, na mkono uliotangulia kuligusa si wangu.

Nikafungua mdomo.

"Akuwam," nikasema, "nifungulie lango niingie. Nina neno nawe, na tutahitaji ndoo za maji, nyingi, tuanze sasa hivi."