Mto wa Bhitauli Unapogeuka

Phulmati alifika mtoni na mtungi wake kiunoni, akakuta maji yanaelekea kaskazini badala ya kusini. Akasubiri kidogo aone kama yatarudi. Hayakurudi, akateka.

Kijiji cha Bhitauli kilijengwa kwa kuufuata mto huo. Wenye mashamba walikaa kaskazini, maji yanakotokea. Washona viatu, ambao pia huondoa mizoga ya ng'ombe na kwa hiyo huhesabiwa najisi, walipewa kusini. Siku ya sensa wote walikuwa watu wa Bhitauli. Siku nyingine, watu wa kusini waliteka maji ambayo wa kaskazini walikwisha kuyaogea, kuyafulia na kuwaogeshea nyati.

Huko kusini, mjukuu wa Phulmati alikuwa akiharisha tangu joto lianze. Siku hiyo alikunywa maji safi, na jioni akaomba chapati.

Nyumbani kwa Raghuraj, mkuu wa kijiji, chai ilikuwa na povu la sabuni.

“Chai gani hii?”

“Mto umegeuka,” mkewe akamjibu. “Tunakunywa maji waliyoogea kina Phulmati.”

“Basi tubadilishane pa kutekea. Kuna tabu gani?”

Kesho yake nyati wakapelekwa kusini, na kina Phulmati wakabeba mitungi kwenda kaskazini. Mtoto akaanza kuharisha tena. Baada ya muda mto ukageuka tena, nao wakabadilishana tena.

“Mwisho tutafungwa magurudumu, dada,” Dukhni, jirani wa Phulmati, alimwambia, akiuhamisha mtungi kwenye nyonga ya pili.

Kisha asubuhi moja mto ukasimama. Haukwenda kaskazini wala kusini, na maji yakawa maangavu mpaka mchangani. Watu wakajipanga kingo zote mbili, wakimngoja Raghuraj.

“Leo hakuna juu wala chini, mzee,” Phulmati alisema. “Naomba niteke.”

Raghuraj hakuwa mtu wa kufoka.

“Ni kweli, mama. Hakuna juu wala chini. Basi sisi tutatumia asubuhi, nanyi mtateka jioni, tukishamaliza.”

“Mtoto ana kiu sasa hivi, mzee.”

“Ndiyo maana nikasema jioni. Sikusema kesho.”

Watu wakaona amesema vizuri. Phulmati akaketi ukingoni, mtungi mapajani, akiwatazama nyati wakiingia majini mmoja mmoja.