Sampuli ya Injinia

Shemeji yangu tunamwita Injinia. Hakuna chuo kilichompa jina hilo. Alijipa mwenyewe siku alipounganisha bomba la jikoni, ambalo mpaka leo linavuja. Jumatatu asubuhi aliingia katika maabara ninayofanyia kazi ya kupima udongo, akatua mfuko wa nailoni juu ya meza yangu kana kwamba umejaa dhahabu.

"Shemeji, nipimie huo. Na cheti kiwe na mhuri."

"Umeuchota wapi?"

"Kwenye bustani ya dada yako. Kwani mimi nina udongo mwingine?"

Msimu uliopita dada yangu alipanda pilipili hoho katika bustani ile. Majani yakageuka manjano, mishipa tu ikabaki kijani, kisha miche ikafa mmoja mmoja. Sasa alikuwa na mingine mia na ishirini kwenye vifuko, na mumewe alikuwa ameshatoa hukumu: msimu huu nao ukishindwa, pale panajengwa gereji. Gari la kuwekwa humo halijanunuliwa, wala hakuna dalili.

Udongo ulioletwa ulikuwa mweusi, laini, umechekechwa vizuri kuliko unga wa jikoni kwangu. Nilipima mara mbili. Ulikuwa na tindikali kidogo, nikaandika kwamba uongezewe chokaa ya kuipunguza, nikagonga mhuri. Nilikosea hapo: nilipima nilicholetewa, nikaridhika na jibu la kwanza la mtu ambaye namjua.

Jumamosi nilikwenda kwao. Nilimkuta Injinia amesimama katikati ya bustani, toroli limebeba mifuko miwili ya chokaa, cheti changu kinachungulia mfukoni mwa shati. Dada alikuwa anapanga miche kando. Jirani yao, fundi cherehani, alikuwa ameegemea ukuta, kazi ameiacha ndani.

"Karibu, shemeji! Leo tunafanya kilimo cha kisayansi," Injinia alisema, akaanza kufungua mfuko.

"Subiri kwanza."

Niliinama nikaokota bonge la udongo. Lilikuwa la kijivu, gumu, na ndani yake mlikuwa na vipande vya plasta. Nikakumbuka: nyumba ilipojengwa, mafundi walikorogea saruji na chokaa papo hapo.

"Shemeji, sampuli yako haikuwa na plasta."

"Niliichekecha."

"Na rangi pia uliichekecha?"

Fundi cherehani akacheka. Injinia akasema jua hubadilisha rangi ya udongo, jambo hilo linajulikana.

"Dada, naomba siki," nikasema.

Aliniletea chupa. Nilimimina kidogo juu ya lile bonge. Likatoa povu na kuchemka kwa sauti mpaka fundi cherehani akarefusha shingo.

"Mnaona?" Injinia alipaza sauti. "Udongo una nguvu huo!"

"Nguvu ya soda, Injinia," fundi akajibu.

Nilieleza kwa maneno machache, kwa sababu mengi yangempoteza Injinia. Siki hutoa povu hivyo ikikutana na chokaa. Bustani hii imeshajaa chokaa, nayo chokaa ikizidi huzuia mizizi kufyonza madini ya chuma, ndiyo maana miche ikawa manjano. Kuongeza mifuko miwili ni sawa na mtu kulalamika mchuzi umezidi chumvi, ukamletea kopo la chumvi.

"Kwa hiyo cheti chako ni cha uongo," akaniambia, kifua mbele.

"Cheti ni cha kweli. Swali ni, cha udongo gani? Uliuchota wapi?"

Akaanza kufunga ule mfuko aliokuwa ameufungua. Dada ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa.

"Alichota pale anapokaa. Nilimwona na kijiko changu cha supu."

Sote tukageuka. Ubavuni mwa nyumba kuna kipande cha ardhi, hatua kumi kwa tatu, ambako majani yamekuwa yakianguka na kuoza kwa miaka. Jua hupiga hapo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Baada ya hapo kuna kivuli, na katika kivuli hicho kuna kiti cha Injinia.

"Sasa ningepeleka udongo mbaya maabara?" alifoka. "Mbele za watu? Mgeni hukaribishwa sebuleni, hapelekwi stoo! Hata picha ya kitambulisho mtu hunyoa ndevu kwanza!"

Kwa mara ya kwanza alikuwa amesema kweli. Hakukosea njia ya kuchota. Alichagua kwa makusudi udongo wa kumpendezesha, kama mzazi anayemtuma mtoto wa jirani akamfanyie mwanawe mtihani, kisha akashangaa mwanawe hajui kusoma.

Dada aliinuka, akafuta mikono.

"Mdogo wangu, hicho cheti ni cha pale?"

"Cha pale hasa. Chokaa kidogo tu, ichanganywe vizuri. Miche isubiri wiki mbili kwenye vifuko."

"Na mia na ishirini itatosha?"

"Itatosha, kama hakuna kitu kingine kilichochukua nafasi."

Alikwenda hadi ubavuni mwa nyumba, akakinyanyua kile kiti kwa mikono miwili.

"We, kiti changu unakipeleka wapi?"

"Gereji," dada alisema, akakitua katikati ya ile bustani ya kijivu, juani.