Fuso ya Buluu Ukutani kwa Assani

Mji mzima wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ulimjua Lionel kwa kuchekesha watu. Harusi ambayo hakushika maikrofoni ilionekana pungufu. Basi alipopanga picha zake sita kwenye ukuta wa Assani, fundi cherehani wa karibu na soko, watu walifika wameshaanza kucheka.

Zilikuwa picha za magari na mji: teksi za waridi zimebanana Bukavu, polisi wa barabarani mwenye uso wa kijani, mbingu ya njano kama kiini cha yai. Alizichora kwa miezi minane bila kumwambia mtu.

"Lionel, sasa unatuchekesha na rangi!" mmoja alisema, amejishika mbavu.

"Leo mi sichekeshe," alijibu. Wakacheka zaidi.

Alitabasamu kwa mazoea, lakini moyoni alinyong'onyea. Saa tisa alasiri akaanza kuzishusha.

Ndipo akaja Solange, mchuuzi kutoka kijiji cha Kazimia, na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani. Akalitua mbele ya picha ya Fuso ya buluu iliyokwama kwenye matope, abiria juu ya mizigo wamevaa miwani nyeusi kama wanamuziki. Hakucheka. Aliitazama muda mrefu.

"Hii gari mi niliipandaka," alisema. "Ilikwama pa Mutambala siku mbili. Lakini hapa, pembeni ya dereva, umeacha wazi. Mama yangu njo alikuwa hapo. Nilikuwa namupeleka hospitali Uvira. Batu ba mbele bote balishuka, bakamuachia nafasi alale."

Lionel aliikumbuka siku ile. Alipita na pikipiki, akaona matope na rangi ya gari tu; ndani hakuangalia.

"Mama alipona?"

"Alipona. Iko Kazimia, anagombeza bajukuu."

Lionel akachukua brashi. "Alivaa kitambaa ya kichwa ya rangi gani?"

"Nyeupe. Lakini we weka ile inakupendeza."

Akaweka rangi ya chungwa. Watu walikuwa wamesogea karibu. Assani aliacha cherehani, akauliza gari lilitokaje matopeni, na Solange akawasimulia, huku uso wa mama yake ukitokea dirishani kidogo kidogo.

Asubuhi iliyofuata Solange aliingia kwenye boti ya Kazimia na picha ile aliyopewa na Lionel, ameishika mbali na kitenge chake maana rangi ilikuwa haijakauka. Baada ya wiki simu ya Lionel ikalia. Ilikuwa sauti ya mama mzee.

"Njo we Lionel? Picha nimeiona, asante sana. Sasa unichoree na Kazimia. Weka magari mingi."

"Mama, Kazimia iko na magari mingi?"

"Hapana. Njo maana nakuambia uweke."

Jumapili, baada ya misa, Lionel aliegemeza ubao mpya ukutani. Alianza na teksi nyekundu, imesimama mchangani katikati ya mitumbwi, milango yote wazi.