Makaa Yaliyokwenda Mjini Kutembea

Tanuri la shemeji lilikuwa ng'ambo tu ya barabara, likitazamana na lango la mgodi. Matofali mabichi yalishapangwa, mawingu yalishaanza kununa, kilichokosekana ni makaa ya mawe. Lori la dereva, mume wa dada yake, lilipotokeza langoni limejaa, shemeji akasimama katikati ya barabara.

"Shemeji, mwaga hapa hapa! Mvua ikinikuta sijawasha, nabaki na tope."

"Turubai lina lakiri, shemeji, halifunguliwi njiani. Mgodi unauzia bohari ya mjini peke yake. Wapigie simu, agiza kule."

"Yaani yaende mjini, halafu yarudi?"

"Ndiyo biashara. Mimi na wewe ni nani?"

Dereva akatia gia. Roho ilimsuta, ila si sana, maana shemeji akiagiza, huenda asirudi mtupu. Alipofika mtoni akasimama, kama madereva wote wa njia ile. Makaa hupeperuka vumbi safari nzima, na mizani ya mjini haijui upepo. Inajua dereva mwizi. Basi akainua pembe ya turubai, akachota ndoo baada ya ndoo, akayanywesha makaa mpaka yakashiba. Lakiri ilizuia makaa kutoka. Haikusema lolote kuhusu maji kuingia.

Mjini mizani ikaridhika. Karani wa bohari akaandika gharama ya kupokea, ya kutunza na ya kupakia upya, makaa yenyewe hayajashuka hata punje.

"Geuza gari," akasema. "Mteja yuko huko huko ulikotoka."

Dereva akarudi akipiga honi kama mgombea aliyeshinda. Shemeji akalipa kwa uzito, akajaza tanuri, akawasha. Moshi. Akawasha tena. Moshi zaidi. Akatia mkono kwenye rundo lililobaki, akautoa unachuruzika.

"Shemeji, haya si yalipita hapa makavu?"

"Yalipita."

"Na maji ni ya wapi?"

Dereva akaelekeza kidevu upande wa mto.

"Ya hapa hapa kwetu!" Shemeji akacheka, kicheko kisicho na meno. "Na yenyewe nimeyalipia nauli ya kwenda na kurudi."

Tone la kwanza likatua juu ya tofali, likaacha shimo. Kisha mvua ikamwagika yote. Dereva akakurupuka, akachomoa turubai, akakimbia nalo kwa nguvu zake zote, na kwa mazoea akafunika makaa.