Mboga za Kwenye Bango

Karatasi ilikuwa imesukumwa chini ya mlango, na katika maneno yake yote lilikuwemo moja lililomchoma Benta: takataka. Wapangaji wote waondoe takataka zilizo kwenye roshani kabla ya Alhamisi. Aliisoma akiwa amesimama, mkoba bado begani, kisha akafungua mlango wa nyuma akatazama nje.

Ilikuwa roshani ya ghorofa ya tatu, pale mtaa wa Huruma mjini Eldoret, isiyotosha hata kulaza kitanda. Palikuwa na madebe manne ya rangi, mitungi mitatu ya mafuta ya kupikia iliyokatwa vichwa, na gunia moja lililotobolewa ubavuni. Sukuma wiki zilikuwa zimefika kiunoni. Managu, ile mboga chungu ya mnavu, yalikuwa yamestawi hata yakafunika ukingo wa debe, na dania ilinukia bila kuguswa. Samadi aliletewa kutoka Moiben na mshonaji mwenzake wa sare za shule; udongo aliupandisha ngazi mwenyewe, mfuko kwa mfuko, mgongoni.

Benta hakuwa mtu wa kuteta. Miaka kumi na mmoja iliyopita, matanga ya mumewe hayajaisha, shemeji zake kule Nyakach walimketisha wakamweleza kwamba shamba ni la ukoo. Alijibu, "Sawa," akamshika bintiye Marion mkono, akaja Eldoret. Tangu hapo hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Maji yakikatika wiki nzima, sawa. Akiongezewa kazi Jumamosi, sawa.

Jumatano asubuhi alimkuta Munene, msimamizi wa ploti, akifagia langoni.

"Munene, mboga zangu ndizo takataka?"

"Mama Marion, mimi nimetumwa tu. Ofisi inasema maji yanachafua rangi mpya."

"Kila debe lina beseni chini yake. Ile alama ukutani ni ya mfereji wa paa uliopasuka. Wewe mwenyewe uliripoti."

Munene aliendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Alhamisi Benta aliomba ruhusa atoke kazini mapema, akaongee na wakala wa jengo kwa utaratibu. Alipitia nyumbani kwanza, saa tisa. Madebe yalikuwa uani, yamebwagwa chini ya kamba za nguo, udongo umetawanyika, mizizi imeelekea juani. Mtungi mmoja ulikuwa umepasuka. Watoto wawili walikuwa wakikanyaga managu bila kujua wanakanyaga nini.

Hakulia. Aliinama akaokota mche mmoja wa sukuma wiki, na donge lake la udongo, akatoka nao barabarani akiwa ameukumbatia. Watu walimpisha.

Mlangoni pa ofisi ya wakala palibandikwa bango jipya. *Vyumba vya kupanga. Ishi karibu na maumbile.* Chini ya maneno hayo palikuwa na picha ya roshani, na mboga zikimwagika ukingoni, mbichi, zimeoshwa na mvua. Benta aliitazama kwa muda mrefu. Kwenye mtungi wa manjano liliandikwa neno "dania" kwa mwandiko wa Marion.

Ndani, wakala, kijana nadhifu aitwaye Cyril, alikuwa akizungumza na mwanamke aliyebeba mtoto, aliyekuja kuulizia chumba. Benta aliuweka ule mche mezani. Udongo ulimwagikia makaratasi.

"Mama, ungepiga simu kwanza."

"Zile mboga za kwenye bango ni za nani?"

"Ile ni picha tu. Mpiga picha aliipenda."

"Aliipenda lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita zilikuwa maumbile. Leo ni takataka."

Cyril alitabasamu kama anayemvumilia mgonjwa. "Mama, ukitaka kulima, tafuta shamba."

Lile jibu la miaka yote lilimfika Benta hadi kwenye ulimi. Akalimeza.

"Nilikuwa na shamba," alisema. "Walioninyang'anya walikuwa wapole kama wewe."

Mwanamke mwenye mtoto aligeuka kutazama bango kupitia dirisha, kisha akamgeukia Cyril. "Kwa hivyo hizo mboga hazipo?"

Cyril alianza kupangusa makaratasi yake. Benta aliuchukua mche wake akaondoka, jibu halikumhusu.

Uani alipiga magoti. Aliurudisha udongo kwenye madebe kwa viganja, akaisimamisha miche, akaikandamiza, akamwagilia. Kisha akalinyanyua debe la kwanza, akalitia begani, akaanza kupanda ngazi.

Munene alikuwa amesimama katikati ya ngazi.

"Mama Marion, nimeambiwa nihakikishe hakuna kitu kinachorudi juu."

"Basi hakikisha."

Alipanda hadi debe likakaribia kumgusa Munene kifuani, akasimama. Maji ya matope yalimtiririkia shingoni, yakadondokea viatu vya Munene. Mlango mmoja ulifunguliwa ghorofa ya pili, ukabaki wazi.

Hatimaye Munene aligeuka upande, mgongo ukutani.

Benta aliliweka debe kwenye roshani, akashuka kuchukua la pili. Alimkuta Munene palepale, mikono mifukoni, macho kwenye viatu vyake, na nusu ya ngazi iko wazi.